Chakula na Nuru ya Macho katika Nchi ya Mpaka wa Tunduma

Upofu ni neno moja, lakini magonjwa yauletayo ni mengi, wala hayatoki katika mlango mmoja. Liko giza limwingialo mtoto kwa sababu mwili wake umekosa kitu kidogo ambacho jicho haliwezi kuishi bila ya hicho. Na liko giza limshukialo mzee kwa sababu miaka imepita juu ya jicho lake kama ipitavyo juu ya kila kiungo cha mwili. Giza la kwanza chakula hulizuia. Giza la pili, kwa sehemu yake iliyo kubwa, chakula hakiliondoi. Historia ya zaidi ya karne moja imewafundisha wataalamu kuzipambanua aina hizi mbili, na mafunzo hayo yalipatikana kwa taabu nyingi, baadhi yake hapa hapa Afrika ya Mashariki. Walakini katika midomo ya watu upambanuzi huo haujakaa imara. Kidonge kilichookoa macho ya watoto kimeacha sifa nyuma yake, na sifa hiyo imerithiwa na vidonge vingine ambavyo havikuitolea jasho.

Urithi huu wa sifa si jambo dogo. Mzee aliyefunikwa na mtoto wa jicho, akiwa ameshika chupa ya vidonge vya macho mkononi, hupoteza fedha. Hilo ni hasara, lakini hasara ya fedha hulipika. Hasara isiyolipika ni wakati. Ili ijulikane kosa lilianzia wapi, yafaa habari zifuatwe tangu mwanzo wake, na nchi ya Songwe, iliyo mpakani mwa Tanzania na Zambia, ni mahali pazuri pa kusimama na kuzitazama, maana karibu kila hatua ya historia hii ama ilipita hapo ama ilipita jirani yake.

Mkoa wa Songwe ni mchanga kwa jina na mkongwe kwa watu. Uliundwa mwaka 2016 kwa kuugawa Mkoa wa Mbeya, makao yake makuu yakawa Vwawa, na hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilikuta humo watu 1,344,687. Wanyiha wako Mbozi, Wanyamwanga wako Momba na Tunduma, Wandali na Walambya wako Ileje, na Wawanda wako bondeni kuelekea Ziwa Rukwa. Mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890 yaliupitisha mpaka baina ya Ziwa Nyasa na Ziwa Tanganyika, na mstari huo ukawakata Wanyamwanga vipande viwili, kimoja kikahesabiwa upande wa Wajerumani na kimoja upande wa Waingereza. Baadaye likaja bomba la mafuta mwaka 1968, ikaja barabara kuu, ikaja na reli ya TAZARA iliyojengwa baina ya mwaka 1970 na 1975, yenye urefu wa kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hata Kapiri Mposhi. Tunduma, kijiji kilichokuwa ukingoni, kikawa lango. Leo mji huo na Nakonde ya Zambia vimeshikana kiasi ambacho mgeni huona shida kujua mmoja waishia wapi na wa pili waanzia wapi. Kiliwacho upande huu huliwa na upande ule.

Chakula cha kale cha nchi hii kilikuwa ulezi na mtama, maharage na kunde, pamoja na mboga za majani zilizochumwa shambani na porini. Katika vyungu vya pande zote mbili za mpaka majani hupikwa kwa karanga zilizotwangwa. Wabemba, majirani wa Wanyamwanga, huliita pishi hilo ifisashi. Mapishi hayo yalikuwa na hekima ambayo wapishi wake hawakuhitaji kuieleza kwa lugha ya maabara. Majani mabichi yaliyokoza rangi yana karotini, kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Lakini karotini haipokewi vizuri tumboni isipokuwa pamoja na mafuta. Karanga ndizo zilizotoa mafuta. Mchicha uliochemshwa kwa maji matupu na mchicha uliotiwa karanga ni mboga mbili mbalimbali mbele ya jicho, ijapokuwa bustani ni moja.

Mpango huo wa chakula ulitikiswa na mambo ya karne ya ishirini. Mwaka 1939 Audrey Richards alichapisha kitabu chake juu ya ardhi, kazi na chakula cha Wabemba, kitabu ambacho hata leo husomwa na wanafunzi wa historia ya lishe katika Afrika. Alionyesha kwamba njaa ya vijiji vile haikutokana na ardhi peke yake. Wanaume walikuwa wamekwenda kutafuta ujira katika machimbo ya shaba; mikono ya kukata miti na kufungua mashamba mapya ikapungua; wanawake wakabaki na kazi zote; na katika miezi ya kungojea mavuno chungu kilipungukiwa na ugali, kisha kikapungukiwa na mboga. Upande wa Tanganyika nako vijana waliitwa na machimbo hayo hayo, na wengine wakaitwa na dhahabu ya Lupa. Fedha iliingia, na pamoja nayo ikaingia desturi ya kununua chakula badala ya kukilima.

Ndipo mahindi yakatawala, nayo yalitawala yakiwa meupe. Jambo hili la rangi lataka kuangaliwa sana, kwa kuwa ndani yake umo mzizi wa habari yote. Mahindi ya asili, tangu yalipotoka Amerika, yalikuwa ya rangi nyingi: mekundu, ya manjano, ya zambarau na meupe. Biashara ya enzi ya wakoloni ilipendelea meupe, wasagaji wakayapendelea, na walaji wakazoea kuuona ugali mweupe kuwa ndio ugali wa watu waungwana. Mahindi ya manjano yaliyokuja kwa msaada katika miaka ya upungufu yalipokewa kwa kununa, yakaonekana kuwa chakula cha dhiki, na wengine waliyasema kuwa ni chakula cha mifugo. Basi rangi ile iliyodharauliwa ndiyo iliyo na faida ya macho. Mahindi meupe hayana karotini ya kutajika. Ya manjano yanayo, pamoja na rangi nyingine itakayotajwa mbele. Watu walichagua uzuri wa ugali, wala hapakuwa na mtu wa kuwaambia kwamba bei ya uzuri huo hulipwa na jicho.

Ulimwengu wenyewe haukulijua jambo hilo ila kwa kupapasa. Tangu kale matabibu wa Misri na wa Uyunani walitumia ini kwa kutibu macho, wala hawakuweza kusema kwa nini lilifaa. Maelezo yalianza kupatikana mwaka 1913, Elmer McCollum na Marguerite Davis walipoonyesha huko Wisconsin, Marekani, ya kwamba panya waliolishwa mafuta ya namna fulani hudhoofika, na wakipewa mafuta ya siagi au ya kiini cha yai huinuka tena. Kitu kilichofichika ndani ya mafuta hayo ndicho kilichoitwa baadaye vitamini A. Miaka ishirini baadaye, mwaka 1933, George Wald alikigundua ndani ya retina yenyewe, yaani utando wa nyuma ya jicho upokeao mwanga; na kwa kazi yake juu ya namna jicho linavyoona alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1967. Ikafahamika kwamba seli zinazoona katika mwanga hafifu hutumia vitamini hiyo kila dakika. Ikipungua, mtu haoni jioni. Ikizidi kupungua, uso wa jicho hukauka, hupoteza mng'ao wake, hufanya vidonda, na mwisho wake kioo cha jicho huyeyuka. Mtoto aliyefikia hapo hupofuka kwa siku chache.

Lakini funzo kubwa kuliko yote halikutoka maabarani. Lilitoka Denmark, nchi ya maziwa, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Tabibu Carl Bloch wa Copenhagen aliwaona watoto wa maskini wakipofuka kwa ugonjwa huu huu wa macho makavu, katika nchi iliyojaa ng'ombe. Siagi ya Denmark ilikuwa ikiuzwa nje kwa bei nzuri, na watoto wa nyumbani walilishwa maziwa yaliyoenguliwa na majarini ya mafuta ya mimea. Ilipofika mwaka 1918, vita vikaizuia siagi isisafirishwe, ikabaki nchini na kugawiwa kwa kipimo, ugonjwa ulikaribia kutoweka. Hakuna aliyebuni dawa mpya. Siagi ilirudi mezani tu.

Habari hii ya Denmark yafaa kusomwa kwa makini Mbozi na Tunduma. Nyanda za Juu za Kusini ni ghala la Tanzania. Malori ya mahindi na maharage hutoka huko usiku na mchana, kahawa ya Mbozi huuzwa ng'ambo, na ufuta wa Momba hutafutwa na wanunuzi wa mbali. Pamoja na hayo, upimaji wa lishe wa taifa wa mwaka 2018 ulionyesha kwamba watoto zaidi ya 40 katika kila 100 wa Songwe walikuwa wamedumaa. Wingi wa chakula katika nchi na ukamilifu wa chakula katika sahani ya mtoto ni mambo mawili, na la kwanza halileti la pili kwa nguvu zake lenyewe.

Upande wa pili wa mpaka ulikuwa na ushahidi mchungu zaidi. Bonde la mto Luapula, katika Zambia ya leo, lilijulikana katika miaka ya 1950 na 1960 kwa wingi wa vipofu, hasa waliopofuka utotoni. Wengi walipofushwa baada ya surua. Mwaka 1969 N. D. McGlashan alichapisha uchunguzi uliozifunga pamoja sababu zilizokuwa zikitajwa mbalimbali: surua, utapiamlo na upofu. Surua humkuta mtoto ambaye akiba yake ya vitamini A ni ndogo. Homa huila akiba hiyo upesi. Jicho lililokwisha kukauka hupata vidonda. Na mara nyingine dawa za majani zilizotiwa machoni kwa nia njema zilikimaliza kioo kilichokuwa bado na nafasi ya kupona. Hapo haikuwezekana tena kumlaumu adui mmoja.

Katika Tanzania uchunguzi kama huo ulifanyika katika hospitali ya Mvumi, Mkoa wa Dodoma, mnamo miaka ya 1980. Tabibu wa macho Allen Foster, pamoja na Alfred Sommer wa Marekani, aliwaeleza watoto 130 wa Tanzania waliokuwa na vidonda vya kioo cha jicho: asilimia 37 walikuwa wametoka kuugua surua. Sommer alikuwa amekwisha kuutikisa ulimwengu wa tiba kwa kazi yake ya Indonesia, ambako aliona kwamba watoto wenye upungufu wa vitamini A, hata kabla ya kupofuka, walikuwa wakifa kuliko wenzao. Na jaribio la Aceh, lililotangazwa mwaka 1986, lilionyesha vifo vikipungua kwa theluthi moja hivi palipogawiwa vidonge. Wengi hawakusadiki. Kitu cha bei ndogo kama kile kingewezaje kuzuia kifo?

Mvumi ilisaidia kujibu. Mwaka 1987 A. J. Barclay, pamoja na Foster na Sommer, walitangaza matokeo ya watoto 180 waliolazwa kwa surua. Watoto 88 walipewa yuniti 200,000 za vitamini A siku ya kuingia na kiasi hicho hicho siku ya pili. 92 walitibiwa kwa desturi ya siku zote. Katika kundi la kwanza walikufa 6, na katika la pili 12. Hesabu hiyo ya jumla ilikuwa ndogo kuweza kukata shauri peke yake. Lakini katika watoto wa chini ya miaka 2, waliopewa vitamini alikufa 1 kati ya 46, na wasiopewa walikufa 7 kati ya 42. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani na UNICEF yalitoa tamko la pamoja kwamba watoto wenye surua wapewe vitamini A katika nchi zenye upungufu. Jaribio la Cape Town lililotangazwa mwaka 1990, la watoto 189, liliutia muhuri ushahidi huo: kati ya watoto 12 waliokufa, 10 walikuwa wa kundi lisilopewa vitamini.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa utaratibu. Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania ilikuwapo tangu mwaka 1973, na mpango wa chanjo tangu mwaka 1975. Palikuwa na watu na njia. Tangu mwaka 2001 matone yakawa yakigawiwa nchini mara mbili kila mwaka. Kila mama aliyempeleka mwanawe kituoni aujua utaratibu wake: muuguzi huchukua kidonge laini, cha buluu kwa mtoto wa miezi 6 hata 11 na chekundu kwa aliyetimiza mwaka, hukata ncha yake kwa mkasi, na kukikamua kinywani. Cha buluu kina yuniti 100,000, chekundu kina 200,000. Chanjo ya surua ikienda pamoja na matone haya, upofu ule wa Luapula uliacha kuwa jambo la kawaida. Ni ushindi ulio mkubwa katika historia ya afya ya Afrika, na ulipatikana kwa mkasi na tone.

Tena serikali za pande mbili za mpaka ziliona kwamba haifai kutegemea matone milele, nazo zikachagua njia mbalimbali. Zambia ilianza mwaka 1998 kutia vitamini A katika sukari ya matumizi ya nyumbani. Tanzania, kwa kanuni za mwaka 2011, iliamuru itiwe katika mafuta ya kula yatengenezwayo viwandani. Njia zote mbili zina mpaka wake. Mafuta ya alizeti yanayokamuliwa na mashine ndogo za vijijini huuzwa bila ya kuongezwa kitu, na sukari hununuliwa zaidi na mwenye fedha kuliko na asiyenazo. Njia ya tatu ilikuwa kulirudisha jambo shambani. Viazi vitamu vya rangi ya chungwa, viitwavyo viazi lishe, vilisambazwa katika nchi nyingi za Afrika. Na mwaka 2016 Robert Mwanga wa Uganda, pamoja na Maria Andrade, Jan Low na Howarth Bouis, walitunukiwa Tuzo ya Chakula Duniani kwa kazi ya kuvistawisha vyakula vya namna hiyo. Zambia kwa upande wake ilitoa mwaka 2012 mbegu za mahindi ya rangi ya chungwa. Katika jaribio la Mkushi, lililochapishwa mwaka 2016, mboni za watoto waliokula mahindi hayo, hasa waliokuwa na upungufu, ziliitikia vizuri zaidi katika giza. Rangi iliyofukuzwa katika ugali kwa miaka mingi ilianza kubishia hodi mlangoni.

Hapa ndipo historia ya watoto inapokutana na ya wazee. Mtoto aliyeponea surua na upungufu huishi, na aishiye huzeeka. Wakati wa uhuru maisha ya Mtanzania kwa wastani hayakufikia miaka 50. Leo yamepita 60. Macho ya uzeeni, ambayo zamani yalikuwa shida ya wachache waliobahatika kufika huko, yamekuwa shida ya kila ukoo. Uchunguzi uliofanywa Kongwa na kutangazwa mwaka 2006 uliona kwamba watu 62 hivi katika kila 100 wenye umri wa miaka 40 na zaidi hawaoni vema karibu, nao hawahitaji kitu ila miwani ya kusomea. Mtoto wa jicho, yaani kupoteza uangavu kwa lenzi iliyo ndani ya jicho, ndiye sababu kuu ya upofu katika Tanzania. Yako pia maradhi ya presha ya macho, yaharibuyo mshipa wa kuona bila ya maumivu. Na uko ugonjwa wa nne: kuchakaa kwa doa la manjano, yaani ile sehemu ya katikati ya retina itumikayo kusoma herufi, kuitambua sura ya mtu na kutia uzi katika sindano.

Ugonjwa huo wa nne ulidhaniwa zamani kuwa wa Wazungu tu. Uchunguzi wa Nakuru, Kenya, uliofanywa mwaka 2007 na 2008 miongoni mwa watu wenye miaka 50 na zaidi, uliibatilisha dhana hiyo: asilimia 11.2 walikuwa na dalili zake za mwanzo, na asilimia 1.2 walikuwa wamefikia hatua ya mwisho. Na huu ndio ugonjwa pekee wa macho ya uzeeni ambao vidonge vya lishe vimethibitika kuufaa kitu. Katika Marekani jaribio kubwa la watu 4,757 wenye miaka 55 hata 80, lililotangazwa mwaka 2001, lilitumia kila siku miligramu 500 za vitamini C, yuniti 400 za vitamini E, miligramu 15 za betakarotini, miligramu 80 za zinki na miligramu 2 za shaba. Wale waliokuwa katika hatua ya kati ya ugonjwa, hatari yao ya kufikia hatua ya mwisho katika miaka 5 ilipungua kwa robo hivi. Wale waliokuwa mwanzoni kabisa mwa ugonjwa hawakuonekana kufaidika. Nuru iliyokwisha kupotea haikurudi. Na mtoto wa jicho hakuguswa hata kidogo.

Dawa hiyo ilikuwa na dosari. Mwaka 1994 ilikwisha kutangazwa kutoka Finland kwamba betakarotini iliongeza saratani ya mapafu katika wanaume wavutao sigara. Kwa hiyo jaribio la pili, lililotangazwa mwaka 2013, liliitoa na kutia badala yake rangi mbili: miligramu 10 za luteini na miligramu 2 za zeaksantini. Rangi hizi mbili ndizo zilizomo ndani ya doa la manjano lenyewe, na ndizo zilipazo manjano yake. Huuchuja mwanga mkali wa buluu kabla haujaziunguza seli za kuona. Mwili hauwezi kuzitengeneza. Huzipata kwa kula tu.

Na majina yake yatamka historia. Neno luteini latokana na neno la Kilatini lenye maana ya manjano. Zeaksantini imechukua jina lake katika jina la kitaalamu la mahindi. Yaani kitu kitiwacho katika chupa ya bei kubwa kwa ajili ya jicho la mzee ni rangi ya mhindi wa manjano, ule ule ambao mzee huyo, alipokuwa kijana, aliukataa kwa kuwa ugali wake si mweupe. Luteini nayo imejaa katika majani ya maboga, mchicha, matembele na kisamvu, na katika kiini cha yai. Mboga iliyotiwa karanga, chakula cha bibi wa Kinyamwanga na wa Kibemba, ilikuwa na kile kilichotafutwa katika majaribio ya maelfu ya watu.

Wala isichukuliwe kuwa sahani ya mboga ni dawa ya ugonjwa ulioiva. Kipimo cha zinki kilichotumiwa katika majaribio hakipatikani kwa mlo wa kawaida, na mtu aliyekutwa na daktari katika hatua ya kati ya ugonjwa huo huhitaji kile kile kilichojaribiwa, kwa kipimo chake. Lakini tofauti baina ya mtu huyo na wengine wote ndiyo inayopotea sokoni. Kichupa chenye picha ya jicho hakimwulizi mnunuzi ana ugonjwa gani. Kinamwahidi nuru, naye anakumbuka kwamba wajukuu zake walipewa vitamini kituoni na wakaepukana na upofu. Kwa nini yeye isimfae? Hoja yake ina mantiki ya upande mmoja. Mtoto alikuwa na jicho zima lililopungukiwa na kitu, na kitu hicho kikarudishwa. Jicho la mzee mwenye mtoto wa jicho halikupungukiwa na kitu. Lina pazia ndani yake. Jaribio la India ya Kusini lililotangazwa mwaka 2006 liliwapa watu vitamini za kuzuia uchakavu kwa miaka 5, na pazia likaendelea kukua sawasawa na kwa wale wasiopewa.

Pazia hilo huondolewa kwa mkono. Mwaka 1949 Harold Ridley wa London alimtilia mgonjwa lenzi ya bandia ndani ya jicho, akachekwa na wakuu wenziwe. Leo upasuaji huo ni miongoni mwa ule ufanywao kwa wingi kuliko wowote duniani, na tangu mwaka 1992 lenzi zilizotengenezwa Madurai, India, zimeishusha bei hata ikafikika na nchi maskini. Kutoka Tunduma hata Mbeya, iliko hospitali ya rufaa ya kanda, ni kilomita zipatazo 100 za barabara ya lami. Mtoto wa jicho, akingojewa mwaka mmoja au miwili, aghalabu bado huondoleka. Kilichopotea ni miaka ya kulima, ya kusoma na ya kumwona mjukuu. Lakini presha ya macho haingoji. Kila mwezi unaopita mzee akimeza vidonge visivyomhusu, sehemu ya mshipa hufa, na kilichokufa humo hakifufuliwi na upasuaji wala na lishe. Naye mgonjwa hawezi kwa nafsi yake kujua kama giza lake ni la pazia au la mshipa. Ajuaye ni yule atazamaye ndani ya jicho kwa chombo.

Historia hii, basi, haimruhusu mtu kuvidharau vidonge wala kuviabudu. Waliodharau tone la vitamini A katika miaka ya 1980 walikosea, na makosa yao yangaligharimu maisha ya watoto. Wauzao sifa ya tone hilo kwa wazee wa leo wanakosea kwa upande wa pili. Kila kinywewacho kwa ajili ya macho kilistahili jina lake mahali pamoja na kwa ugonjwa mmoja: matone kwa mtoto mwenye upungufu na surua, luteini, zeaksantini na zinki kwa doa la manjano lililofikia hatua ya kati. Nje ya hapo ni jina lisilo na kazi.

Kwa nchi ya Songwe yafuata mambo mawili, nayo hayataki elimu kubwa bali uangalifu. La kwanza ni la jikoni. Rangi ya manjano na ya kijani ilikuwapo katika chakula cha nchi hii kabla ya chupa, na yaweza kurudi kwa mahindi ya rangi, kwa viazi lishe, kwa majani yaliyopikwa na karanga, mradi nchi isiuze yote na kubakiza ugali mweupe kwa watoto wake kama Denmark ilivyouza siagi. La pili ni la mlangoni pa duka. Mzee anayesema macho yake yamefifia asipewe jibu kabla ya kutazamwa. Wahenga walisema mwenye macho haambiwi tazama; lakini yule ambaye macho yake yanakwisha yafaa aambiwe mapema aende akatazamwe, maana kwa magonjwa mengine ya jicho siku ya kwenda ndiyo dawa yenyewe.